Sikio Linalokisia

1

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa kabla masikio ya kampuni hayajazimika, na Mwantumu Shekifu alikuwa bado hajachagua.

Alikuwa amekaa chumba cha nyuma cha ofisi ya Chama cha Wastaafu wa Mkonge, pale Kwamkonje, mbele ya kichwa cha mbao alichokichongesha kwa fundi wa vitanda. Kichwa kilikuwa kimevalishwa sikio la kampuni: kidude cha rangi ya kahawia, ukubwa wa korosho, kinachokaa nyuma ya sikio la mtu na kupeleka sauti kwenye mfupa. Watu elfu mbili na ushehe mjini walikuwa nacho. Wote walifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kuchakata mkonge, na wote walitoka mle wakiwa viziwi.

Sasa kampuni iliyotengeneza masikio hayo ilikuwa imefungwa, huko ng'ambo ilikokuwa. Barua yake ilikuwa fupi. Leseni ya programu itakwisha tarehe thelathini Juni, baada ya hapo kifaa hakitafanya kazi, samahani kwa usumbufu. Kidude chenyewe kingebaki kizima, betri yake nzima, maikrofoni yake nzima. Kingekufa kitu kimoja tu, programu, na hiyo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuifungua.

Ndiyo maana chama kilimwita Mwantumu arudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa mhandisi wa sauti kwa miaka kumi na minne. Sharti la wazee lilikuwa moja. Safari hii iwe programu huria, yenye msimbo ulio wazi ambao yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, isije ikatokea tena mtu akafunga mlango na kuondoka na masikio ya mji mzima.

Kusema ilikuwa rahisi. Alianza na maktaba kumi na nne za kuchakata sauti, yaani vifurushi vya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, zote za bure, zote zikijisifu. Moja ilikuwa haijaguswa kwa miaka tisa, na maswali ya watu yamelundikana mlangoni pake bila kujibiwa. Nyingine ilikuwa nzuri sana ila ilimaliza betri kabla ya saa sita mchana. Ya tatu ilijiita huria, lakini mwisho kabisa wa leseni yake kulikuwa na mstari unaokataza kuitumia kwenye vifaa vya tiba. Wiki tatu alikuwa akisoma, akijaribu, akifuta. Macho yalimuuma. Shingo ilikuwa imekaza kama mti.

Zikabaki mbili, Mkondo na Upepo.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba, mwanangu. Bado tu umeinama hapo?" Bi Zaituni, katibu wa chama, alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na minane, mwenye sauti kubwa ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine. "Haya, nimekuja. Nivalishe."

Mwantumu alimvua sikio lake, akamvalisha la majaribio lenye Mkondo ndani. Kisha akawasha spika iliyopiga ngurumo ya mashine ya kusaga aliyokuwa ameirekodi, akaziba mdomo kwa daftari ili Bi Zaituni asimsome midomo, akatamka sentensi ya saba katika orodha yake.

Bi Zaituni alikunja uso. "Hadija amenunua... halafu pana shimo. Sijasikia. Halafu, sokoni. Na hii sauti yako, mama, kama uko ndani ya gunia."

Akamvalisha lenye Upepo. Ngurumo ile ile, sentensi ile ile.

Uso wa Bi Zaituni ukafunguka. "Hadija amenunua mchele sokoni! Ndiyo hii! Chagua hii twende tukale."

Mwantumu aliangalia daftari lake. Sentensi ya saba ilisema: Hadija amenunua mshumaa sokoni.

"Rudia, Bi Zaituni. Amenunua nini?"

"Mchele. Umesema mchele. Nimekusikia kabisa, kwa sauti yako mwenyewe."

Alirudia mara nne, na mara zote Hadija alinunua mchele. Mwishoni, kwa sababu alikuwa amechoka na mtu akichoka hujaribu hata asilolitarajia, Mwantumu alimrudishia Bi Zaituni sikio lake mwenyewe, la kampuni, alilolivaa kwa miaka kumi na moja. Akawasha ngurumo, akasoma.

"Mchele," akasema Bi Zaituni. "Kwani vipi?"

2

Msimbo wa Upepo ulikuwa wazi kama kitabu, na jibu lilikuwamo. Maktaba zote mbili zilianza kwa namna moja. Zilikata sauti vipande vidogo vya sehemu ya mia ya sekunde, zikapima kila masafa, yaani wembamba na unene wa sauti, ndani ya kila kipande, zikapunguza kilichofanana na mashine, zikapitisha kilichofanana na mtu. Mkondo uliishia hapo. Upepo uliendelea. Pale ambapo neno lilimezwa na kelele na uhakika ukashuka chini ya theluthi moja, ulichagua neno linaloelekea zaidi kuwepo, ukalitengeneza kwa sauti ya msemaji yule yule, ukalipachika. Katika mamilioni ya sentensi ulizofundishwa, watu walinunua mchele sokoni mara nyingi kuliko mshumaa.

Waandishi wa Upepo hawakuficha. Waliandika juu ya ukurasa wao, kwa herufi za kawaida, kwamba unakisia. Kampuni ndiyo haikumwambia mtu.

Alimpigia Ilunga, mwalimu wa hesabu wa Lubumbashi aliyeandika Mkondo na kuutunza peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikilizana, kabla ya hapo walikuwa wakiandikiana tu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto wakitoka darasani.

"Ah, mama Mwantumu. Ile ya kukisia niliandika miye mwenyewe, zamani," alisema. "Miaka kumi na miwili imepita. Halafu nikaitoa. Watu wakakasirika, wakachukua msimbo wangu, wakaenda kuanzisha Upepo. Ni haki yao, leseni inaruhusu. Na ile kampuni yenu nayo, nafikiri ilikunywa kwenye kisima kile kile."

"Kwa nini uliitoa?"

"Bibi yangu alikuwa anaitumia. Siku moja daktari alimwambia jambo, naye akasikia jambo lingine." Akavuta pumzi. "Mama, miye nimechoka. Niko peke yangu, kazi hii naifanya Jumapili. Ukichagua Mkondo, usinitegemee sana. Ukichagua Upepo, kule wako watu makumi matatu. Nakuambia ukweli tu."

Alimshukuru. Maktaba yenye watu thelathini na sauti tamu ilidanganya. Ile isiyodanganya ilikuwa na mwalimu mmoja aliyechoka, siku ya Jumapili.

3

Baba yake, Mzee Hoza Shekifu, alikuwa barazani akichambua choroko kwenye ungo. Aliwahi kuwa mnyapara wa zamu ya asubuhi kiwandani, mtu wa sauti nzito na hatua ndefu. Sasa alikuwa na miaka sabini na tano na vidole vilivyopinda.

"Nataka nijaribu na lako, baba," Mwantumu alimwambia. Hapo barazani palikuwa kimya na walikaa karibu, kwa hiyo sikio lake halikuhitaji kukisia chochote.

Mzee alilivua polepole, lakini hakulitoa mkononi. "Ile ya mama yako isipotee."

"Haipotei. Nitanakili kwanza."

Sikio la kampuni lilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, hukuhifadhia nusu dakika iliyopita. Watu wengi walikitumia kwa vilio vya wajukuu na nasaha za harusi. Mzee Hoza alikuwa na kumbukumbu moja tu, ya siku aliyofariki mkewe, Bi Mwanahawa, katika wodi ya hospitali, miaka sita iliyopita. Mwantumu alikuwa bado njiani akija. Alipofika, baba yake alimshika mabega akamwambia, "Amenisamehe. Amesema, nimekusamehe. Ninayo." Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa peke yake dakika chache na kuisikiliza. Amsamehe nini, hakuwahi kusema, na Mwantumu hakuwahi kuuliza.

Alilipeleka sikio ofisini. Hapo ndipo alipokumbuka jinsi kifaa kile kilivyoundwa: hakihifadhi sauti iliyosafishwa, huhifadhi sauti mbichi, kisha huisafisha upya kila inapochezwa. Ina maana programu ikibadilika, kumbukumbu nayo itasikika upya.

Kwanza aliicheza kwa programu ya kampuni. Ilikuwa sauti ya mama yake, dhaifu lakini safi: "Nimekusamehe." Hakuwahi kuisikia mwenyewe.

Akaicheza kwa Mkondo. Mashine ya oksijeni ilikuwa ikipuliza. Baba alikuwa akiuliza kitu kwa mbali, mara mbili, mara tatu. Halafu pumzi ya mama, ndefu, yenye mkwaruzo. Halafu shimo.

Aliongeza sauti. Akabadilisha vichujio kimoja kimoja. Akaondoa mashine ya oksijeni kwa mkono, masafa kwa masafa, kazi iliyomchukua mchana mzima. Chini ya ile mashine palikuwa na pumzi tu. Midomo labda ilitikisika. Neno halikuwepo.

Kabla ya kufunga kompyuta aliicheza kwa Upepo. Mama yake, kwa sauti ile ile, iliyo safi zaidi, akasema: "Nimechoka sana."

Mwantumu aliinuka, akatoka nje, akashikilia nguzo ya ukumbi.

4

Njia ya kulikwepa jambo hili ilikuwepo, na haikuhitaji hata dakika tano. Programu ya kampuni ilikuwa bado hai. Angeweza kuchukua kile ilichokitoa, "nimekusamehe," akakirekodi kama sauti kamili, akakiweka kwenye kifaa mahali pa ile mbichi. Kingesema hivyo hivyo daima, programu yoyote itakayokuja. Baba angebaki na alasiri zake.

Alikirekodi. Akakipa jina, akakihifadhi pembeni.

Bi Zaituni aliingia akiwa na karatasi ya ajenda. "Mkutano Jumamosi saa nne. Nataka pendekezo lako kwa maandishi. Andika Upepo, tumalize."

"Upepo unakisia, Bi Zaituni. Nilikueleza. Na hili ulilovaa linakisia vile vile."

"Nimeelewa. Sasa mimi likiniletea mchele mahali pa mshumaa, nitapata hasara gani? Nitapika mshumaa?" Alicheka, kisha akaacha. "Mwanangu, nilikaa miaka saba sisikii kitu. Unajua ni nini kukaa katikati ya watoto wako kama gogo? Niletee sauti ya gunia lako halafu uniambie ndiyo ukweli, nitakwambia kaa nao."

"Na nesi akikwambia meza vidonge viwili, ukasikia vitatu?"

Bi Zaituni alikunja karatasi ya ajenda mara mbili.

"Naweza kuwaachia Upepo," Mwantumu akasema. "Ila lazima wajue."

"Hapo sasa ndipo pabaya. Ukiwaambia Jumamosi, Jumapili kila mtu ataanza kurudi nyuma miaka kumi na moja. Fulani alinitukana, au hakunitukana? Mke wangu aliniambia vile, au ni kidude? Mji huu una watu waliotalikiana, mwanangu. Wapo ndugu hawazikani. Utaweza kuwajibu wote?"

"Sitaweza."

"Basi?"

Alijisikia mzito, kama mtu aliyebeba maji kwa safari nyingi na bado pipa halijajaa. Bi Zaituni alimtazama, akamwekea mkono begani, akaondoka na ajenda yake.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Mwantumu alimrudishia baba yake sikio, akakaa naye karibu, uso kwa uso, akamweleza yote. Alieleza polepole, kama anavyoeleza fundi: sauti mbichi, uhakika, theluthi moja, neno linaloelekea zaidi. Hakutumia neno uongo. Mzee Hoza alisikiliza bila kutikisika.

"Nani amekutuma uifungue?" akauliza mwishowe.

"Nilitaka isipotee, baba. Ulivyoniambia."

"Na umeipoteza."

"Ninayo ile ya zamani, nimeirekodi. Nikiiweka itasema vile vile mpaka mwisho. Wewe ndiye wa kuamua. Mimi nimeshindwa kuamua kwa niaba yako bila wewe kujua."

Mzee alivua sikio, akaliweka juu ya ungo wa choroko, akaingia ndani.

Siku mbili hakulivaa. Alipita mbele ya binti yake kama anavyopita mbele ya ukuta. Mwantumu alimwekea chakula, akala, akaondoa vyombo mwenyewe. Siku ya tatu, Ijumaa, alimkuta amekaa kwenye kiti cha ofisini kwake, mikono juu ya magoti.

"Nisikilizishe hiyo pumzi," akasema.

Akamwekea Mkondo, akacheza. Mzee alifumba macho. Ilipoisha aliinua kidole, maana yake rudia. Akarudia. Mara ya tatu machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

"Nilimwuliza mara tatu," akasema. "Unanisikia pale?"

"Nakusikia, ila maneno siyashiki."

"Nilimwomba anisamehe kwa ile saini." Alifuta uso kwa kiganja. "Wewe ulikuwa Dar, hukuyajua haya. Tulikuwa na kesi mahakamani dhidi ya kiwanda, kwa ajili ya masikio. Watu mia tisa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kesi. Kiwanda kikaleta haya madude, kikasema, atakayetia saini kujitoa kwenye kesi anapewa lake leo leo. Tukaapa hakuna atakayetia. Wiki ile ile nilikwenda kwa mlango wa nyuma. Nilitaka kumsikia mama yako, mwanangu. Miaka mitano nilikuwa sijamsikia. Nikatia."

"Ukawa wa kwanza?"

"Wa kwanza. Habari ilipovuja kwamba kuna aliyetia, watu wakatafuta ni nani. Wakasema ni Semkiwa, kwa kuwa alionekana getini siku ile. Kumbe alikwenda kudai viatu vyake vya kazi. Sikusema kitu. Wengine wakaona kesi imeshavunjika, wakaenda kutia. Semkiwa hakutia mpaka mwisho. Alikufa kiziwi, watu wakiwa hawampi salamu."

Mwantumu aligeuza kiti kumtazama. "Semkiwa, mume wa Bi Zaituni?"

"Huyo huyo. Mama yako alijua. Alipika, alifua, ila hakunitazama tena. Alitaka niseme. Nikasikia amenisamehe, nikaona basi, yamekwisha, sina haja ya kusema tena kwa mtu." Alivuta pumzi. "Miaka sita nimepumzika kwa neno la kidude."

Mwantumu alifungua kompyuta, akamwonyesha ile rekodi aliyoitunza. "Hii hapa, baba. Niiweke?"

Mzee aliisogelea skrini. "Futa," akasema. Na alipoona anasita: "Futa, nikiwa naona."

5

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwantumu alieleza mbele ya watu mia nne, na maneno yake yakiandikwa ukutani kwa herufi kubwa ili lisiwepo neno la kukisiwa. Aliwafanyia jaribio la mshumaa. Watu sita walipanda mbele, na wote sita walisikia mchele. Kicheko kilianza, kikafa chenyewe. Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma alisimama, akatoka, na mkewe akamfuata akimwita jina. Mama mwingine aliuliza kama kuna namna ya kujua ni maneno gani yalikisiwa siku fulani ya mwaka fulani. Mwantumu akasema hakuna, isipokuwa kwa yale yaliyohifadhiwa. Mama akakaa, akajifunika ushungi usoni.

Wapo waliomkasirikia yeye. "Ulikuwa na haja gani ya kutuambia?" mzee mmoja alipiga kelele, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Hakujitetea. Alisema maktaba zote mbili zipo, ziko wazi, na atakayetaka Upepo atawekewa, ila kila neno lililokisiwa litatanguliwa na mlio mdogo, aliouongeza kwenye msimbo wiki hiyo. Hilo waliweza kulifanya kwa sababu msimbo ulikuwa wao. Wakapiga kura, mikono ikahesabiwa mara mbili. Mkondo ukapita kwa tofauti ya kura kumi na moja kuwa ndio wa kuwekewa wote, na Upepo wenye mlio kwa atakayeomba. Hakuna aliyepiga makofi. Mwantumu aliwaza siku kumi na mbili zilizobaki, masikio elfu mbili, na barua atakayomwandikia Ilunga kumwambia kwamba sasa wako wawili wa kuutunza Mkondo. Alitamani alale hata pale sakafuni.

Bi Zaituni, mezani, alisoma ajenda ya mwisho. "Mengineyo."

Mzee Hoza alinyanyua mkono.

Alisimama safu ya tatu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Yeye alikuwa ameshawekewa Mkondo, wa kwanza katika mji. Alisema kwa sauti ya mnyapara, ile nzito, na maneno yakajiandika ukutani nyuma ya Bi Zaituni, moja baada ya jingine. Alisema jina la kwanza kwenye ile orodha ya kujitoa kwenye kesi halikuwa la Semkiwa. Lilikuwa lake. Akaeleza mlango wa nyuma na ile siku. Akaeleza viatu. Akasema Semkiwa alikufa na deni lisilo lake, na yeye akamwacha alibebe mpaka kaburini kwa kuwa marehemu hasemi.

"Zaituni," akasema, "siwaombi watu hawa. Nakuomba wewe. Nisamehe."

Bi Zaituni alikuwa amegeuka kusoma ukuta. Alibaki amegeuka hivyo, mgongo kwao, hata maneno yalipokwisha kujiandika. Feni zilizunguka. Watu mia nne hawakukohoa. Kisha akageuka, akamtazama Mzee Hoza, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya karatasi za ajenda.

Mzee alingoja. Katika sikio lake jipya palikuwa na mvumo wa feni na shimo, naye hakujua kama shimo lile ni la kifaa au ni la ukumbi. Akamgeukia binti yake, ambaye masikio yake hayakuwahi kuingia kiwandani.

"Amesema nini?"

Mwantumu aliona uso wa baba yake ulivyomtegemea. Ingekuwa rahisi sana.

"Hajasema kitu, baba."

Mzee Hoza aliitikia kwa kichwa, taratibu. Hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kilicho mbele yake kwa mikono miwili, akamwelekea tena Bi Zaituni, akaendelea kungoja.